Vidato Kumi na Tisa vya Wangu

Nyumba ya Kapteni kule Dundori ina vyumba kumi na vitatu na wenyewe kumi na wanne. Huyo wa kumi na nne ni Wangu, mama wa miaka hamsini na mmoja, ambaye mali yake yote duniani ilikuwa ngazi.

Si ngazi ya kuegemeza ukutani ukachume parachichi. Ni ngazi ya nyumba, ya mbao, inayoanza pale ukumbini ikiwa pana kama mlango wa kanisa, inapanda, inajipinda na kuwa nyembamba, kisha inafika ghorofani. Wangu hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Wageni wakimuuliza alisoma mpaka wapi, aliwaambia kwamba wenzake wana vidato vinne, yeye ana kumi na tisa, na amevipitia vyote kwa magoti.

Mtu huishia vipi na ngazi? Ilikuwa hivi.

Mzungu aliyeijenga, Kapteni mwenyewe, alitaka nyumba kama ya kwao. Mawe ya kuchonga, paa la vigae vya mtarakwa, mahali pa kuota moto katika kila chumba, na madirisha marefu ya kutazama Ziwa Nakuru kule chini kana kwamba ziwa nalo alikuwa ameliandika kazi. Mawe yaliburutwa na maksai na watu. Maksai walipewa chumvi. Watu hawakupewa kitu cha kukumbukwa. Ngazi ilichongwa na fundi Mhindi, akaijaza mizabibu kutoka juu hadi chini, tunda ambalo hakuna mtu wa mlima ule aliyekuwa ameliona. Na aliyepewa kazi ya kuing'arisha alikuwa shosho yake Wangu, mama mzaa mama, msichana wakati huo. Alianza juu akishuka kinyumenyume kwa magoti, kitambaa mkononi, na akimaliza anatokea mlango wa jikoni. Kusimama kwenye ngazi ile kwa miguu miwili, ukiwa mweusi, kulikufukuzisha kazi. Wafanyakazi walikuwa na ngazi yao ya chuma, nje, nyuma ya nyumba, imekazwa ukutani kwa misumari minene kama vidole vya mwanamume.

Mzungu alipouza na kwenda zake, familia kumi na nne ziliungana zikanunua shamba. Ardhi waligawana kwa ekari, lakini nyumba hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake, kwa hiyo waliipigia kura chumba kwa chumba. Vikaratasi vikatiwa ndani ya kofia ya Kapteni iliyosahauliwa msumarini. Wakati wa kuandika ndipo katibu alipogundua kwamba watu ni kumi na wanne na vyumba ni kumi na vitatu. Akakuna kichwa, na kwenye kikaratasi cha mwisho akaandika: ngazi na chini yake. Mzee aliyekiokota ndiye aliyekuja kuwa baba mkwe wa Wangu. Inasemekana watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti chake.

Mzee alikufa akaacha wana wawili, Kihara na Ngigi. Kihara alimwoa Wangu, wakazaa binti, Kui, ambaye sasa ameolewa Rongai. Kisha Kihara akaenda Karagita kufanya kazi ya maua, akasema atarudi Krismasi. Hakusema Krismasi gani. Habari zikaja kwamba amepata mwanamke mwingine huko, na Ngigi akachukua shamba la ndugu yake, kulilinda tu, alivyosema. Akaita wazee, akasimama mbele yao na kofia kifuani, akatangaza kwamba yeye si mtu wa kumdhulumu mke wa nduguye: Wangu atapewa ngazi. Wakaiandika kwenye karatasi ya daftari, wazee wakatia vidole gumba, na wakacheka tena kicheko kile kile cha baba zao.

Wangu aliikunja karatasi. Akatandika godoro chini ya ngazi, akatundika pazia la maua, akaweka jiko lake na sanduku lake. Halafu akanunua mkebe wa polishi nyekundu ya sakafu. Kama wamenipa ngazi wanicheke, alisema moyoni, nitaing'arisha mpaka hicho kicheko kiteleze.

Kwa miaka kumi na mmoja watu walipanda na kushuka juu ya kichwa chake na magunia ya viazi na matope ya shamba, na yeye alifuta. Hakumzuia mtu. Hakuna aliyemwambia asante. Na mwaka juzi Ngigi, ambaye alikuwa amenunua chumba cha mbele ghorofani kwa mjane mmoja aliyemzungusha mpaka akachoka, alimleta mtu wa vyuma chakavu. Ile ngazi ya wafanyakazi ikakatwa kwa moto, ikapakiwa, ikaenda. Misumari tu ndiyo ilikataa kutoka. Ikabaki imetokeza ukutani kama meno.

"Nani anatumia ngazi ya maboi siku hizi?" Ngigi alisema. "Sisi wote ni waheshimiwa. Tutapitia mbele."

*

Mkutano wa kuuza nyumba ulikuwa Jumamosi, saa nane mchana, katika chumba cha Ngigi huko juu, kwa sababu ndicho kikubwa na kina dirisha la kuringia. Mnunuzi alikuwa tajiri wa hoteli ambaye hakuja mwenyewe. Alimtuma Jannat, binti wa Nakuru mjini anayechora nyumba, mwenye hijabu ya kijani na viatu vya mvua na kifaa cha kupima kinachotoa nukta nyekundu ukutani. Alipofika ukumbini alimwinamia Wangu kidogo.

"Shikamoo, mama."

Wangu hakuwa amesalimiwa hivyo tangu azaliwe. Jibu lilimponyoka kabisa. "Eh, poa," akasema, akajisikia mjinga, na mara hiyo hiyo akampenda.

Alikuwa akipika chai na Shiru. Shiru ndiye mwenye chumba cha jikoni, mjane mnene mwenye mdomo usiolipa kodi, na rafiki pekee aliyebaki kwa Wangu katika nyumba ile.

"Wewe panda na thamosi, mimi magoti yangu yamegoma," Shiru alimwambia. "Tena wajazie vikombe mpaka juu. Watu wakinywa vizuri wanasaini vizuri. Jina langu waambie waandike, nakuja na mandazi."

Basi Wangu akawa ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni na thamosi mbili wakati Ngigi, amevaa suruali mpya ya kitambaa cha kijivu, alipokuwa akisoma majina ya wenye nyumba. Alimimina huku akihesabu kwa vidole vya mguu ndani ya kiatu. Yakafika kumi na matatu. Ngigi akafunga karatasi.

"Umesahau moja, shemeji," Wangu akasema.

"Gani?"

"La ngazi."

Kicheko kilichozuka kilitikisa vioo vya Kapteni. Mzee Maina, mwenye chumba cha kona, mzee wa kanisa, alimwagikiwa na chai mapajani.

"Mama Kui," Ngigi akasema kwa upole wa kumbembeleza kichaa, "hapa tunauza vyumba. Ngazi si chumba. Ngazi ni... ni njia tu. Ni kitu cha bure. Tulikupa ya kukustiri, na tunashukuru umeistiri pia. Lakini mwisho wa mwezi utafute pahali. Kwa Kui hakuna nafasi?"

"Kwa Kui kuna mume wa Kui."

"Basi utajua mwenyewe. Mimina chai."

Akamimina. Alimimina kila kikombe mpaka ukingoni, na wakamaliza akamimina tena, na thamosi zilipoisha akashuka kuleta nyingine. Shiru alimtazama usoni, akaacha unga wa mandazi.

"Wamefanya nini?"

Wangu akamwambia. Alisema bila kulia, kwa sababu machozi ya nyumba ile aliyamaliza zamani, na alipofika pale pa "ngazi ni kitu cha bure" kitu fulani kikaanza kumtekenya chini ya mbavu. Akaanza kutabasamu. Shiru aliogopa.

"Wee, usirukwe na akili leo."

"Shiru, wako wangapi juu?"

"Wote, isipokuwa mimi. Na yule msichana naye yuko huko."

"Na choo kiko wapi?"

"Kwani hujui? Nje, nyuma ya..." Shiru akafumba mdomo. Akaufumbua. "Mungu wangu. Na wamekunywa thamosi ngapi?"

"Nne. Nipe hiyo ya tano."

Alipeleka ya tano. Halafu akashuka mpaka pale ngazi inapojipinda, mahali penye wembamba wa mtu mmoja, akakalia kidato cha nane kutoka chini, akaegemeza mgongo ukutani, akanyoosha miguu yake yote miwili mpaka nyayo zikagusa mizabibu ya Mhindi upande wa pili. Akachukua sweta aliyokuwa akiifuma, akaanza kufuma.

Sasa, kwa watu wa huko, mtu haruki miguu ya mtu. Ukimruka mtoto, umemzuia kukua, rudi umruke kinyume. Ukimruka mama mtu mzima, tena mke wa ndugu yako, hiyo ni taka, najisi ambayo zamani haikutoka bila kuchinjwa mbuzi, na siku hizi hakuna anayejua inatoka na nini, kwa hiyo hakuna anayejaribu.

Wa kwanza kushuka alikuwa Mzee Maina, mbio kidogo.

"Nipishe, Mama Kui, nina haraka."

"Unapita wapi, mzee?"

"Hapa, kwa ngazi."

"Ngazi gani? Nimeambiwa hakuna. Nimeambiwa ni kitu cha bure. Pita kwenye kile kingine cha kulipia."

Mzee Maina alicheka heh heh, akaona hachekewi. Akautazama mguu. Alikuwa ameokoka miaka arobaini na alikuwa amehubiri dhidi ya mila zote za giza, kwa majina. Akainua kiatu cha kulia, akakishikilia hewani. Akakirudisha.

"Umeokoka, ruka!" Shiru alipiga kelele kutoka chini. "Damu ya Yesu inatosha!"

"Nyamaza wewe!" Mzee Maina alisema, akipanda tena juu amebana mapaja.

Ghorofani zikasikika sauti nyingi pamoja. Vichwa vikajaa juu ya reli, vyote vikisema. Mmoja alisema ni utovu wa adabu. Mwingine alisema aitwe chifu, na Shiru akamjibu kwamba chifu akija atakaa hapa chini kwa sababu naye hana mabawa. Wangu alifuma. Alihisi kama mtu aliyekunywa muratina kwenye harusi ya adui yake. Kichwa kilikuwa chepesi, masikio yalikuwa moto, na ilibidi aume uzi asicheke.

Ngigi akaja, akasimama vidato vitatu juu yake.

"Shemeji. Toka hapo."

"Sitoki."

"Hii ni nyumba ya watu!"

"Nyumba ni yenu, shemeji, sijakataa. Shukeni na nyumba yenu. Mimi nimekalia yangu."

"Ngazi si chumba!"

"Sawa. Basi usiitumie."

Ghorofani mtu alicheka, akazibwa mdomo.

Jannat akashuka akampita Ngigi ubavuni, daftari kifuani. "Mama, na mimi?"

"Wewe mgeni. Wewe pita." Wangu akakunja miguu, na Ngigi akarukia nafasi hiyo kama paka. Miguu ikanyooka tena *paa*, soli zikagonga mbao. Ngigi akasimama kwa mguu mmoja, ameshikilia reli, uso umemvimba.

Lakini Jannat hakupita. Aliketi kwenye kidato cha juu ya Wangu, akapitisha kidole kwenye jani la mzabibu.

"Nani huwa anaing'arisha?"

"Mimi. Na kabla yangu shosho yangu. Yeye alikatazwa kusimama juu yake."

Jannat akageuka akamtazama Ngigi. "Mzee, kwani hii ni ya huyu mama?"

"Ni maneno ya utani, madam, ya wazee wa zamani."

Wangu akaweka sweta chini. Akatoa kifuani ile karatasi ya daftari, iliyokunjwa mpaka mikunjo imekuwa kama kitambaa. Kusoma hakujui, lakini vidole anavijua. "Hiki chenye kovu ni cha Mzee Maina, alikatwa na panga. Hiki kikubwa ni cha baba yake yule mwenye kofia hapo juu. Na hiki kimeteleza kwa kucheka. Chako, shemeji."

Jannat alisoma yote, polepole, kwa sauti. Alipomaliza aliikunja akairudisha kwa mikono miwili. "Mzee, mtu wangu hakuniambia nimtafutie vyumba. Vyumba vya mawe vimejaa kutoka hapa mpaka Rongai. Alitumiwa picha ya ngazi hii. Kama mwenye ngazi hayuko kwenye karatasi yako, mimi sina cha kupeleka mjini."

Ngigi akafanya jambo ambalo watu wa Dundori bado wanalisimulia sokoni. Akasema, "Hakuna mwanamke wa kunifungia mimi," akapanda juu, akafungua dirisha la nyuma, akatoka.

Alikuwa amesahau ngazi ya chuma haipo. Hapana, hakusahau, alikumbuka akiwa tayari ametanguliza miguu yote miwili. Akateremka mgongo ukutani, akipapasa kwa visigino mahali ambapo chuma kilikuwa, na wa kumpokea alikuwa msumari mmoja, mmoja wa ile iliyokataa kwenda na gari la vyuma chakavu. Ulimshika mkanda na kiuno cha suruali kwa nyuma. Akaning'inia.

"Nisaidieni!"

Shiru alitoka mbio na mikono ya unga, akazunguka nyuma, akatazama juu. Wangu, ambaye hakuweza kuinuka, alimsikia akipiga yowe, kisha akamsikia akianguka nyasini, na kwa muda mrefu hakusikia kitu ila Shiru akijaribu kuvuta pumzi.

"Shiru! Nini? Niambie!"

"Ameanikwa!" Shiru akalia. "Mama Kui, shemeji yako ameanikwa kama chupi!"

Hapo Wangu alishindwa. Alicheka mpaka kidato kikatikisika, Jannat akacheka amejifunika uso kwa daftari, na kule juu, wale waliokuja kuiuza ngazi yake, waliobana mapaja tangu saa tisa, wakaanza kuchekea kwenye reli mmoja baada ya mwingine wakiomba wasichekeshwe, tafadhali, kwa sababu hali yao wanaijua wenyewe. Mzee Maina ndiye aliyemaliza kesi.

"Mwandikeni huyu mama!" alinguruma. "Mwandikeni sasa hivi! Kabla sijaaibika mbele ya wajukuu!"

"Na Ngigi je?" mtu akauliza.

"Mvuteni aje atie kidole!"

Wakafunganisha mashuka, wakamvuta kwa dirisha. Suruali ya kijivu ilibaki na mdomo mkubwa nyuma. Jannat akaandika jina la kumi na nne, Wangu, mwenye ngazi na chini yake, akalisoma kwa sauti mara mbili. Mmoja akatoa kalamu.

"Kalamu siijui," Wangu akasema. "Vidole."

"Wino hakuna!"

"Shiru, leta mkebe wangu."

Polishi nyekundu ya sakafu ikapandishwa. Walichovya mmoja mmoja, vidole gumba kumi na vitatu, na cha mwisho kilikuwa cha Ngigi. Safari hii hakikuteleza. Wangu aliikagua karatasi kidole kwa kidole, bila haraka yoyote, akarudi akaanza tena upya, mpaka Mzee Maina akamwita kwa jina lake la ubatizo.

Ndipo akakunja miguu.

Walipita wakikimbia, na kila aliyepita, awe alitaka au la, alisema asante. Ngigi alikuja mwisho, kinyumenyume, mgongo kwa ukuta na mikono nyuma. Miguu ikanyooka tena mbele yake.

"Shemeji, nimeshatia kidole!"

"Swali dogo tu. Ngazi ni ya nani?"

"Ni yako."

"Sijasikia. Sauti yako nadhani imebaki msumarini."

"Ni yako! Ni ya Wangu! Haya!"

"Pita, shemeji. Pole na suruali."

Ukumbi ulipokuwa umebaki mtupu, Jannat alifunga daftari. "Sasa, mama, utauza?"

"Niulize Jumatatu," Wangu akasema. "Na uje na huyo tajiri mwenyewe, apande kwa miguu yake, nione kama anafuta viatu."

Akainuka, ganzi miguuni. Kitu kilimjia, akajikongoja mpaka juu kabisa, akageuka. Katika miaka yote kumi na mmoja alikuwa ameishuka ngazi ile kwa magoti na kitambaa, au kwa miguu na ndoo. Akavuta leso yake mabegani. Akaweka mkono mmoja kwenye mizabibu. Akaanza kushuka polepole, kidevu juu, kidato baada ya kidato, kama vile shosho yake alivyomsimulia kwamba mke wa Kapteni alikuwa akishuka wageni wakija.

Chini, Shiru alichukua sinia la mandazi akalipiga kama ngoma.

"Memsahib!" akaita. "Karibu chini! Lakini usikanyage hapo kwa kidato cha kumi na moja, Mzee Maina hakufika choo!"